Lotus Elise S1 ya 1999 na S2 ya 2003 kutoka Uingereza: ipi inakubalika Marekani, na nini kibadilishwe?

Giaboksi_Tano

Wakuu salaam. Naomba mwongozo kwa wanaozijua sheria za magari za Marekani kwa undani. Nasajili Texas.

Kuna magari mawili mezani, yote yako Uingereza na yote usukani kulia. La kwanza ni Lotus Elise S1 (toleo la kwanza; S2 ni la pili), kadi inaonyesha lilisajiliwa mara ya kwanza Agosti 1999, injini ni Rover K-series ya 1.8. La pili ni Elise S2 111S ya 2003, nayo ina K-series. S2 ni nzuri zaidi kwa hali na bei, ndiyo maana inanivuta.

Maswali:

Lotus yenyewe iliuza Elise Marekani kuanzia 2004, na bodi yake ni ile ile ya S2. Je, nikinunua vifaa vya toleo la Marekani (eabegi, taa, bampa, masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini) nikavifunga kwenye hii S2 ya 2003, inaweza kupitishwa?

Pia kuna S1 nyingine ambayo imeshatolewa injini ya Rover na kuwekwa injini ya Honda K20. Wengi husema K-series inasumbua gasket ya silinda hedi, sasa je, hiyo ya Honda si afadhali?

Na mdogo wangu yuko Sacramento. Kama nikilipeleka gari California baadaye, kuna shida?

---

Chasisi_Namba

Mkuu, anza na umri wa gari kabla hujanunua hata bolti moja. Marekani kuna milango miwili tofauti na kila mmoja una mlinzi wake. Usalama uko chini ya NHTSA (wakala wa serikali wa usalama barabarani), moshi uko chini ya EPA (wakala wa mazingira). Kupita mmoja hakukupi ruhusa ya kupita mwingine.

NHTSA: gari likitimiza miaka 25 tangu tarehe ya kutengenezwa, viwango vya usalama vya shirikisho havilihusu. Inahesabiwa kwa mwezi, si kwa mwaka wa modeli. Kwenye fomu HS-7 unaweka alama kisanduku cha 1.

EPA: gari likiwa na miaka 21 na bado liko katika hali yake ya asili, halihitaji kuthibitishwa. Hapa hesabu ni ya mwaka: mwaka wa kuingiza toa mwaka wa kutengenezwa. Kwenye fomu 3520-1 unatumia msimbo E.

Sasa weka magari yako hapo. S1 ya 1999 imevuka yote mawili tangu 2024. S2 ya 2003 imeshavuka EPA, lakini NHTSA itaikataa mpaka 2028, mwezi ule ule iliotengenezwa. Watu wengi wanaumia hapo: wanasoma habari ya miaka 21, wanalipia meli, gari linashikwa bandarini kwa sababu ya ile 25.

Chini ya miaka 25 njia ni moja tu kwa gari la kawaida la barabarani: mwagizaji aliyesajiliwa na NHTSA. Yeye huweka dhamana ya asilimia 150 ya thamani ya gari, ana siku 120 za kulifikisha kwenye viwango, halafu hulikabidhi baada ya NHTSA kukubali ushahidi wake. Lakini kabla ya hayo yote, modeli hiyo lazima iwe imekubaliwa kwamba inaweza kubadilishwa. Modeli hukubaliwa ama kwa kufanana sana na iliyouzwa Marekani ikiwa na cheti cha mtengenezaji, ama kwa kuleta ushahidi kamili, pamoja na wa kugongesha, kwamba itafikia kila kiwango. Elise ya kwanza kuuzwa Marekani ni modeli ya 2005 yenye injini ya Toyota. Ya 2003 yenye Rover haina pacha wa Marekani. Kwa hiyo umebaki na ushahidi wa kugongesha, na hiyo si kazi ya mtu binafsi.

Kuhusu Honda K20: kaa mbali nayo kabisa. Ule msamaha wa miaka 21 ni wa gari la asili. Injini ikibadilishwa, EPA inataka iliyowekwa iwe sawa na ya asili au mpya zaidi yenye cheti cha EPA. K20A ya Civic Type R ya Japani au Ulaya haina cheti hicho. Hata kama muuzaji atakuambia ni K20A2 iliyotoka kwenye Acura RSX Type-S ya Marekani, utabeba wewe mzigo wa kuthibitisha kwa namba ya injini, masega yake, kontroli boksi yake na kanista yake ya mkaa inayonasa mvuke wa petroli. Magari ya aina hii mara nyingi yamefungwa kontroli boksi ya soko (isiyo ya kiwandani) na masega yameshaondolewa. S1 ya kiwandani yenye Rover yake ndiyo yenye thamani kwenye karatasi.

---

Sensa_Mbili

Naongezea upande wa moshi, kwa sababu swali la "nikifunga vifaa vya toleo la Marekani" linastahili jibu la kiufundi, si la sheria peke yake.

Tofauti kubwa iko kwenye dakika ya kwanza baada ya kuwasha injini. Kipimo cha Marekani cha FTP-75 huanza na gari lililolala saa 12 hadi 36 kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30. Ufunguo ukizungushwa, moshi unakusanywa hapo hapo. Kipimo cha Ulaya cha wakati wa Euro 2 (kiwango cha moshi cha Ulaya), ambamo S1 ilizaliwa, kiliacha injini izunguke sekunde 40 kwanza ndipo kikaanza kukusanya. Sekunde hizo ziliondolewa kwenye Euro 3, mwaka 2000.

Sekunde 40 ni nyingi mno kwenye suala hili. Masega hayafanyi kazi mpaka yafike karibu nyuzi 250 hadi 300. Kabla ya hapo petroli isiyoungua inapita moja kwa moja. Ukijumlisha safari nzima ya FTP-75, kama kilomita 17.8, sehemu kubwa ya haidrokaboni inakuwa imetoka kwenye dakika moja au mbili za mwanzo. Ndiyo maana anayetengenezea soko la Marekani husogeza masega karibu kabisa na matundu ya moshi ya silinda hedi, hupandisha kidogo sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) injini ikiwa baridi, na huchelewesha taimingi ya cheche ili joto liende kwenye ekzosi badala ya kwenye pistoni. Wengine huongeza pampu ya hewa inayopuliza oksijeni kwenye manifodi. Masega yanayokaa mbali na silinda hedi hayawezi kufanya hivyo hata uyanunue ya bei gani, kwa sababu bomba lote la kabla yake linakunywa joto.

Viwango vyenyewe: Tier 2, kiwango cha moshi cha Marekani kilichoanza 2004, kililenga wastani wa gramu 0.07 za NOx (oksidi za naitrojeni) kwa maili, yaani kama 0.043 kwa kilomita. Euro 3 iliruhusu 0.15 kwa kilomita, Euro 4 ikaruhusu 0.08. Na Tier 2 ilitaka gari libaki ndani ya kiwango chake cha maisha yote hadi maili 120,000, wakati Euro 4 ilidai kilomita 100,000. Masega yanayopita yakiwa mapya na kufeli yakizeeka hayafai.

Halafu kuna mvuke wa petroli. Hapa ndipo magari ya injini ya kati yanapata taabu zaidi. Kwenye Elise tanki liko nyuma ya viti, mbele tu ya injini. Joto la injini linachemsha petroli, na kama mfumo una paipu ya kurudisha mafuta kutoka kwenye reli ya nozeli, kila lita inayorudi inakuja na joto. Marekani inapima mvuke gari likiwa limeegeshwa kwenye chumba kilichofungwa kwa mizunguko ya siku tatu, na inaupima tena gari likiwa linatembea. Juu ya hayo, magari ya abiria yalianza kulazimishwa 1998 kunasa mvuke wakati wa kujaza mafuta, na kufikia 2000 ni yote: gramu 0.20 tu kwa galoni iliyojazwa. Ulaya ilikabidhi kazi hiyo kwa pampu za vituo vya mafuta. Kwa hiyo toleo la Marekani linahitaji kanista kubwa ya mkaa, shingo nyembamba ya kujazia ambayo petroli yenyewe inaiziba, na vali za tanki zinazofanya kazi hata gari likipinduka. Hivyo havifungwi juu ya tanki la Ulaya. Unabadilisha tanki, shingo, na nafasi ya kuviweka.

Mwisho ni OBD II, mfumo wa gari kujichunguza lenyewe upande wa moshi, ya lazima tangu modeli ya 1996. S1 ina kontroli boksi ya Rover MEMS 1.9 na sensa moja ya oksijeni mbele ya masega. OBD II inataka sensa ya pili nyuma ya masega, igundue silinda inayokosa moto kwa kusoma mwendo wa krenki, na igundue tundu kwenye mfumo wa mvuke: kwanza la milimita 1, baadaye nusu milimita. S2 ya Ulaya ya 2003 ina EOBD, yaani toleo la Ulaya la mfumo huo, na sensa mbili, lakini EOBD haikudai kutafuta tundu la mvuke. Soketi ni ile ile, mashine ya kusoma itaunganishwa na kukupa majibu, na bado sehemu ya kazi haipo ndani.

Kwa hiyo Lotus haikujisumbua kuisafisha K-series kwa soko la Marekani. Ilichukua 2ZZ-GE ya Toyota, sentimita za ujazo 1,796, kichwa kilichotengenezwa pamoja na Yamaha, kem ya juu inaingia kwenye mizunguko 6,200, nguvu za farasi 190 kwenye 7,800. Injini hiyo ilikuwa imeshauzwa Marekani ndani ya Celica GT-S, kwa hiyo msingi wake wa moshi ulijulikana. Hata hivyo Lotus iliweka kontroli boksi yake na ikabidi ipate cheti chake, kwa sababu cheti cha EPA ni cha gari zima na uzito wake, uwiano wa gia zake na tanki lake.

---

Spana_Kumi

Sensa_Mbili amemaliza moshi. Mimi niguse usalama, maana hapo ndipo wazo la kununua eabegi za toleo la Marekani linapokufa.

Sheria ya FMVSS 208, kiwango cha Marekani cha kulinda abiria kwenye mgongano, inatofautiana na ya Ulaya kwenye jambo moja zito: sanamu ya majaribio inakaa bila kufunga mkanda. Ulaya hugongesha kwa kilomita 56 kwa saa, asilimia 40 ya upana, sanamu ikiwa imefunga mkanda. Hapo eabegi ni msaidizi. Marekani inauliza pia: dereva asipofunga, nini kitamzuia? Jibu ni eabegi kubwa zaidi, inayofunguka kwa nguvu zaidi, pamoja na ubao wa magoti chini ya dashibodi ili mwili usiteleze chini ya usukani. Kila gari la abiria lililotengenezwa kuanzia 1 Septemba 1997 lilipaswa kuwa na eabegi mbili za mbele. S1 haina hata moja.

Sasa, kisanduku cha eabegi hakijui kwamba umegonga ukuta. Kinajua tu jinsi mwendo unavyopungua, milisekunde kwa milisekunde. Mchoro huo hutokana na muundo wa gari. Chasisi ya Elise ni alumini iliyogandishwa kwa gundi na kuongezewa riveti, na mbele yake kuna kisanduku cha faiba kinachopondeka na kula nguvu ya mgongano. Toleo la Marekani lilipimwa likiwa na uzito wake, kama kilo 896, na pua yake. S1 ina kilo kama 725 na pua nyingine. S2 ya Rover nayo ina uzito wake. Ukihamisha eabegi na kisanduku chake kwenda gari jingine, muda wa kufyatua hauko sahihi tena. Ikichelewa milisekunde 20, uso umeshafika kwenye usukani na begi linafumuka ukiwa juu yake. Hiyo inaua. Afadhali gari lisilo na eabegi, lenye mkanda mzuri, kuliko lenye eabegi ya kubahatisha.

Kuanzia Septemba 2006 wazalishaji wadogo nao walitakiwa kuwa na eabegi za kisasa: zipimwe kwa sanamu ya mwanamke mdogo, na za mtoto wa mwaka mmoja, miaka mitatu na sita, ili kiti kitambue aliyekaa na kuzuia begi lisimdhuru. Lotus haikuweza kumudu hilo kwa gari la idadi ndogo, ikaomba msamaha wa muda, ikapewa. Mwaka wa modeli 2011 ndio ulikuwa wa mwisho kwa Elise ya barabarani huko.

Na hii inajibu swali ambalo wengi hawaulizi: hata Elise ya Marekani yenyewe haikufikia kila kiwango. Mwaka 2004 ilipewa msamaha kwenye taa za mbele na kwenye kiwango cha bampa. Kiwango cha bampa, Part 581, kinataka gari ligongwe kwa nyundo ya kubembea kwa maili 2.5 kwa saa mbele na nyuma, maili 1.5 kwenye kona, kwa urefu wa inchi 16 hadi 20 kutoka ardhini, na taa, boneti na bodi visidhurike. Iangalie pua ya Elise. Iko chini, imepinda, na bodi yote ya mbele ni kipande kimoja cha faiba kilichobeba taa. Hakuna chuma cha kupokea nyundo kwenye urefu huo. Kuweka kimoja maana yake ni pua nyingine, uzito mbele ya ekseli, na gari jingine kabisa. MG ilishapita njia hiyo mwaka 1974: MGB ikavishwa bampa kubwa nyeusi za mpira na kuinuliwa ili ifikie urefu wa sheria ya Marekani, na uendeshaji wake ukaharibika wazi.

Misamaha hiyo hutolewa chini ya Part 555 kwa mtengenezaji wa magari mapya asiyezidi magari 10,000 kwa mwaka na anayethibitisha kwamba kufuata kiwango kutamuumiza kiuchumi. Mtu anayeagiza gari moja hawezi kuiomba. Kwa hiyo ukinakili toleo la Marekani bolti kwa bolti, bado unanakili gari lililopita kwa msamaha ambao wewe huna.

---

Giaboksi_Tano

Nimeelewa, asanteni sana. S2 naiacha, nabaki na S1 ya 1999.

Mambo mawili. Kadi ya Uingereza inaonyesha tarehe ya kusajiliwa, haionyeshi ya kutengenezwa. Itatosha? Na kuna mtu amenishauri kuhusu S2: niifungue, injini iende kontena lake na chasisi lake, ziingie kama spea, kisha niunganishe Texas.

---

Chasisi_Namba

Hilo la pili usilifanye. Gari lililofunguliwa ili kukwepa sheria linahesabiwa kuwa gari, si spea. Chasisi yenye namba ndiyo gari. Magari yameshikwa kwa njia hiyo na kusagwa. Vivyo hivyo kuliingiza kama gari la mashindano kwa kisanduku cha 7 cha HS-7: kibali chake ni cha mashindano, hakikupi haki ya kusajili kwa ajili ya barabara. Na ile ruhusa ya maonyesho, yenye ukomo wa maili 2,500 kwa mwaka, ni kwa magari adimu ya kihistoria au ya teknolojia ya pekee. Elise ya kawaida haimo.

Tarehe: kadi ya V5C inatosha, kwa sababu NHTSA inakubali hati ya usajili inayoonyesha gari lilisajiliwa angalau miaka 25 iliyopita. Gari lililosajiliwa Agosti 1999 haliwezi kuwa limetengenezwa baada ya hapo. Hata hivyo omba Lotus cheti cha asili ya gari, kinachooanisha namba ya chasisi na tarehe ya kutengenezwa. Kinasaidia sana kwa magari ambayo yamebakiza miezi michache.

Karatasi za kuwa nazo: V5C halisi (kata kipande cha kusafirisha nje ukitume DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, kingine chote kisafiri na wewe), hati ya mauziano yenye bei halisi, HS-7, 3520-1, na nakala ya kitambulisho. Kama gari linakuja ndani ya kontena, taarifa ya ISF (ya mzigo, kwa forodha ya Marekani) iwasilishwe saa 24 kabla ya kontena kupakiwa melini, si kabla ya kufika. Kuchelewa kuna faini ya hadi dola 5,000, na wakala mzembe hatailipa yeye.

Ushuru wa kawaida wa gari la abiria ni asilimia 2.5. Nyongeza kubwa ya ushuru wa magari iliyowekwa 2025 ilisamehe magari yaliyotengenezwa miaka 25 au zaidi kabla ya kuingia, lakini ushuru unabadilika; mwambie wakala akuandikie hesabu kabla ya kupakia.

Osha chini ya gari kwa mvuke. Udongo kwenye matao ya matairi na juu ya sakafu ya chini unaweza kulizuia bandarini. Elise ina bamba za chini zinazoshika tope, kwa hiyo zifunguliwe, zioshwe, zirudishwe.

Ukishatoka forodhani, hakikisha umeshika HS-7 na hati ya kuingiza, 7501. Bila hizo ofisi ya kaunti Texas haikupi hati ya umiliki. Upande wa moshi, kaunti za Texas zenye ukaguzi hupima magari ya umri wa miaka 2 hadi 24, kwa hiyo S1 ya 1999 haipimwi.

Sacramento sasa. California haitambui ule msamaha wa miaka 21 wala 25 kwenye moshi. Gari la petroli lililoagizwa moja kwa moja kutoka nje, la 1976 au jipya zaidi, lazima lipelekwe maabara yenye leseni ya CARB (bodi ya hewa ya California), lifungwe vifaa, lipimwe kwa FTP, lipewe cheti, ndipo DMV (ofisi ya usajili) waandike namba. Ukimsoma tena Sensa_Mbili utaona kwa nini S1 ya Euro 2 yenye sensa moja ni kazi ngumu hapo. Kama nia ni California, nunua Elise ya 2005 hadi 2011 iliyozaliwa na cheti. Lisajili S1 Texas ukiwa unaishi Texas kweli. Kulisajili Texas na kulilaza Sacramento ni kosa.

---

Spana_Kumi

Kwa S1 yenyewe, kabla ya kupakia na baada ya kufika, kuna vichache ambavyo lazima ufanye na vingi ambavyo usifanye. Usibadilishe masega, usiondoe kanista, usiweke kontroli boksi isiyo ya kiwandani. Uasili wake ndio kibali chake.

Taa za mbele. Za Uingereza zinapiga mwanga kushoto. Marekani watu wanaendesha kulia, kwa hiyo utamchoma macho anayekuja mbele na pembeni yako kutakuwa giza. Tafuta taa za S1 za usukani kushoto, zilizouzwa Ujerumani na Ufaransa. Hizo zinapiga kulia. Kufunika sehemu ya kioo kwa stika ni suluhisho la siku mbili. Usukani wenyewe unaweza kubaki kulia.

Taa za ubavuni: sheria ya shirikisho haikubani tena kwa umri huu, lakini ushauri wangu ni kuweka ndogo za njano mbele na nyekundu nyuma. Gari lina kimo cha kama mita 1.2 tu na linatembea kati ya pikapu. Kuonekana kwake ni usalama wako.

Matairi: S1 ya kawaida hutumia 185/55 R15 mbele na 205/50 R16 nyuma. Tafuta yenye alama ya DOT (ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) na usome tarakimu nne za mwisho: wiki na mwaka. Gari lililokaa gereji huwa na matairi yenye kashata nzuri na mpira uliokauka kama ubao.

Breki: magari ya 1996 hadi 1998 hivi yana disiki za mchanganyiko wa alumini na kauri. Usiyawekee pedi za kawaida, zitazila disiki ambazo hazitengenezwi tena. Ya 1999 ina disiki za chuma, lakini thibitisha kwa sumaku: chuma inanasa, ile nyingine hapana.

K-series na joto la Texas. Hii injini si mbovu, ila haisamehi kupungukiwa maji. Rejeta iko mbele, injini nyuma, na maji yanasafiri mwendo mrefu kwenye mabomba. Thamostati iko upande wa maji yanayoingia, kwa hiyo ikifunguka ghafla, maji ya baridi kutoka mbele yanaipiga bloku yenye moto. Mara nyingi mwanzo wa tatizo ni gasket ya manifodi ya kuingizia hewa kuvujisha maji kidogo kidogo, kiwango kinashuka, hedi inapata moto, gasket inakwenda. Kabla ya kununua, fungua mfuniko wa chupa ya maji injini ikiwa baridi na utazame kama kuna ute wa rangi ya maziwa. Pima shinikizo la mfumo wa maji, na pima gesi ya moshi ndani ya chupa.

Kama hedi itafunguliwa, usizungushe krenki hata nusu, kwa sababu slivu (mirija ambamo pistoni hutembea) zimezungukwa na maji na zinainuka kutoka kwenye makao yake. Pima jinsi slivu zinavyochomoza juu ya bloku: ziwe kati ya milimita 0.07 na 0.10, nne zote zikilingana. Zikiwa sawa na bloku au chini yake, gasket mpya haitadumu. Weka gasket ya tabaka za chuma na pini za chuma badala ya zile za plastiki. Bolti kumi ndefu zinakazwa kwa mpangilio: Nm 20, kisha nyuzi 180, kisha nyuzi 180 tena. Weka alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti ili nyuzi uzione kwa macho. Ongeza thamostati ya nje yenye vali ya shinikizo, ile inayochanganya maji ya moto na baridi taratibu. Na ukishajaza, toa hewa kwenye skrubu ya rejeta mpaka yatoke maji matupu; hewa iliyonaswa mbele ndiyo inayowaangusha wengi baada ya kazi nzuri.

---

Giaboksi_Tano

Swali la mwisho: petroli. Kitabu kinasema 95, pampu za Texas zinaonyesha 87, 89 na 93.

---

Sensa_Mbili

Vipimo vya oktani, yaani uwezo wa petroli kuvumilia bila injini kugonga, ni tofauti. Namba ya Ulaya ni RON, ya Marekani ni wastani wa RON na MON, njia mbili za kupima oktani. 95 ya Ulaya ni sawa na karibu 91 ya Marekani, kwa hiyo Texas jaza 93. Ile 87 ni kama RON 91 au 92. MEMS 1.9 imepangiwa taimingi ya cheche kwa 95, na kwa joto la nyuzi 38 utasikia injini inagonga ukikanyaga mafuta kwenye mzunguko wa chini.

Petroli nyingi ya huko ina ethanoli ya asilimia 10. Mipira ya mafuta ya 1999 ibadilishwe yote, kuanzia tanki hadi reli ya nozeli, pamoja na ule mfupi wa kujazia. Nunua ulioandikwa SAE J30R9. R6 na R7 ni ya kabureta, haivumilii presha ya nozeli. Filta ya mafuta nayo ibadilishwe, kisha ibadilishwe tena baada ya matangi mawili matatu, kwa sababu ethanoli husafisha uchafu wa zamani na kuupeleka mbele. Mpira wa mafuta kwenye Elise uko sentimita chache kutoka kwenye manifodi ya moto, kwa hiyo kila klampu iwe ile ya kukaza duara lote, si ya skrubu yenye meno yanayokata mpira.